Jinsi ya Kuogopa Maji Kuliko Moto

Hongera, ndugu yangu. Benki imekubali mkopo, mkeo ameshachagua rangi ya mapazia, na wakala anawatembeza katika nyumba ya maonyesho ambayo bado inanuka gundi na rangi mbichi. Amewaonyesha jiko lenye meza ya granaiti. Amewaonyesha kabati la nguo lililo kubwa kuliko chumba ulichokuwa umepanga Magomeni. Sasa mko chumba cha kulala, umeinua macho, na pale darini unaona kisahani cheupe, bapa, saizi ya kifuniko cha kopo la maziwa. Unauliza ni nini. Wakala anakohoa kidogo.

"Hicho? Hicho ni cha sheria," anasema, na kabla hujauliza ni sheria ipi ameshawapeleka kuona banda la magari mawili.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyebaki mlangoni unatazama juu. Utakufundisha kukiogopa kisahani hicho ipasavyo, na kukichukia kwa hoja zinazokubalika mbele ya watu wenye fedha. Ikishindikana kabisa, utakuonyesha namna ya kuishi nacho bila kukiruhusu kikusaidie chochote.

Kilichojificha nyuma yake ni kinyunyizio cha kuzimia moto. Mafundi wetu wanakiita sprinkla, wazee wanakiita kile kitu. Kimeunganishwa na bomba la maji lililopita ndani ya dari, maji yamesimama humo usiku na mchana, yanangoja. Hilo neno "yanangoja" ndilo litakalokunyima usingizi, na mjenzi wako anategemea hivyo.

Kwanza jua uko ng'ambo ipi

Sisi Waswahili wa pembezoni mwa Washington tumegawanywa na Mto Potomac. Upande wa Maryland nyumba mpya lazima iwekwe vinyunyizio, iwe imeshikana ukuta na ya jirani au imesimama peke yake kwenye nyasi zake. Jijini Washington ni lazima pia. California ni lazima tangu Januari 1, 2011. Sasa vuka daraja uingie Virginia. Utakuta kampuni ileile ya ujenzi, ramani ileile, mbao zilezile, hata majina ya mitaa yametungwa na mtu yuleyule anayependa miti ya mialoni, ila sheria haidai kitu darini. Yaelekea moto wa Virginia umelelewa vizuri zaidi.

Kwa hiyo kisahani kikikuudhi, dawa yake ni daraja. Kama foleni ya asubuhi inakutisha kuliko maji, endelea kusoma.

Usije ukadhani tofauti hii imetokana na wataalamu kuchunguza tabia za moto wa kila jimbo. Imetokana na kura. Septemba 2008, mjini Minneapolis, lilikutana baraza linalotunga kanuni za mfano za ujenzi, zile ambazo majimbo ya Marekani huzinakili yanapotunga za kwao. Wajenzi walikuja na hoja zao, wazimamoto wakaujaza ukumbi. Zilihitajika theluthi mbili. Kura 1,283 zilisema kila nyumba mpya ya familia moja au mbili iwe na vinyunyizio, kura 470 zikakataa. Sharti likaingia katika kanuni za mwaka 2009, lianze kazi Januari 2011.

Mgeni angedhani mchezo umeisha, kumbe ndiyo kwanza filimbi imepulizwa. Kanuni ya mfano ni kama ramani uliyopewa na msanifu: unaweza kuifuata, na unaweza kuchana ukurasa usioupenda. Chama cha taifa cha wajenzi wa nyumba kilihamishia mapambano kwenye majimbo, na ukurasa ukachanwa huku na kule. Pennsylvania iliukubali, ukaanza kazi Januari 2011, na kabla mwaka haujafika katikati ukafutwa kwa nyumba zinazosimama peke yake. Texas haikungoja hata hiyo Januari ifike. Mwaka 2009 ilitunga sheria ya kuizuia miji yake isije ikatunga sheria kama hiyo. Soma tena polepole: sheria ya kukataza sheria. Mimi nilifuatilia kibali cha kujenga banda la kuku Dar es Salaam, nikadhani nimeyaona yote.

Pili, amini sinema

Hakuna shule bora ya vinyunyizio kuliko sinema. Jambazi anawasha kiberiti chini ya kimoja, na papo hapo jengo zima linanyeshewa, makarani wanakimbia na mafaili kichwani. Ishike sana picha hiyo. Mtu akitaka kukueleza kwamba kila kinyunyizio kina roho yake, zima simu.

Maana ukweli wenyewe hauna mvuto hata kidogo. Ndani ya kinyunyizio kuna kichupa cha kioo, chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye kimiminika cha rangi. Kichupa hicho ndicho kinachoshikilia kizibo cha maji. Joto pale darini likifika kiasi cha nyuzi 68, kimiminika kinatanuka, kioo kinapasuka, maji yanatoka. Ni cha hapo penye moto tu. Cha chumba cha pili hakina habari, kama jirani wa mjini. Moto wa nyumbani kwa kawaida hudhibitiwa na kimoja, mara chache viwili. Moshi haukifungui, mvuke wa pilau haukifungui, wala joto la Muscat mwezi wa Juni, ambalo pamoja na ubaya wake wote halifiki nyuzi hizo.

Mama yangu hakuambiwa haya. Alipokuja kututembelea kutoka Tanga, usiku wa kwanza alilala na ushungi wake kichwani. Asubuhi akaniita.

"Mwanangu, hicho kijidude cha juu kinaniangalia."

"Mama, hakina macho."

"Sikusema kina macho. Nimesema kinaniangalia."

Siku ya nne akaamua kukaanga changu. Mafuta yakafuka, king'ora cha moshi kikapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Nikashuka ngazi mbio, nikamkuta mama amesimama katikati ya jiko, beseni amelifunika kichwani, kanga moja ameitandaza juu ya samaki, anangoja mvua. Haikunyesha. Akangoja tena, kwa sababu maisha yamemfundisha kutoamini ratiba za maji. Mwishowe akashusha beseni, akatazama juu kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata kwake.

"Kumbe hakina kiherehere," akasema.

Hiyo ndiyo habari mbaya kwa wapenzi wa sinema. Kinachopiga kelele kwa samaki ni king'ora. Kinyunyizio kinangoja moto wenyewe.

Jifunze hesabu za mjenzi

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Mjenzi atakuambia kwamba vinyunyizio vinapandisha bei na kuwafungia mlango vijana wanaonunua nyumba yao ya kwanza. Machozi yatamlengalenga. Usimwulize ni shilingi ngapi, utamharibia. Wastani uliopatikana katika utafiti wa mwaka 2008 huku Marekani ulikuwa dola 1.61 kwa kila futi ya mraba yenye vinyunyizio. Ulipofanywa tena 2013 ukawa dola 1.35. Nyumba ya futi za mraba 2,400, kwa bei hiyo ya pili, inafika dola 3,240. Ongeza ughali wa maisha wa miaka hii kadiri utakavyo, bado utajikuta katika ujirani wa ile meza ya granaiti.

Lakini granaiti haiundiwi kamati. Sijasikia mjenzi aliyekwenda bungeni kulia kwamba granaiti inawafungia mlango vijana. Granaiti mnunuzi anaiomba mwenyewe, mjenzi anapata faida yake juu ya hiyo, wageni wakija wanaipapasa. Kinyunyizio kikikaa salama hakuna atakayekitazama kwa miaka thelathini. Na mwenye kulipa gharama leo si mwenye kulala humo kesho: mjenzi akishakukabidhi funguo hana tena kitanda katika nyumba hiyo. Nimeufikiria ugomvi huu mara nyingi, na kila nikiuzunguka naukuta umekaa palepale, katikati ya anayeandika risiti na anayezima taa usiku.

Kwa hiyo ukitaka kubishana vizuri, bishana kama mtu ambaye hatalala humo. Sema "soko liamue." Sema "mnunuzi awe na hiari." Usikumbushe kwamba nyumba hiyohiyo ataiuza baada ya miaka saba kwa familia ambayo haikuulizwa hiari yake, na kwamba kutoboa dari iliyokwisha kumalizika ili kupitisha mabomba ni balaa na gharama ambazo watu wachache huzikubali.

Wala usitaje piano. Kinyunyizio cha kwanza kutumika kweli kilitengenezwa na Henry Parmelee wa New Haven, jimbo la Connecticut, mwaka 1874. Alikuwa na kiwanda cha piano na hakutaka kiungue. Viwango vya kuweka vinyunyizio majengoni viliandikwa 1896. Viwango vya nyumba za familia vilitoka 1975. Piano ilikingwa miaka mia moja na moja kabla mtoto hajaandikiwa kanuni yake. Watu wa bima ya viwanda walikuwa wanajua kupiga hesabu mapema sana.

Na mazungumzo yakielekea Ulaya, badilisha mada upesi uzungumzie mpira. Huko Wales, mjumbe wa bunge lao, Ann Jones, alishika jambo hili bila kuliachia mpaka likawa sheria mwaka 2011, na tangu Januari 1, 2016 kila nyumba mpya huwekwa vinyunyizio. Wales ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wajenzi walilalamika huko kama walivyolalamika huku. Nyumba bado zinajengwa, na kondoo wao hawajapungukiwa maji.

Niwe mkweli kidogo, msije mkasema mwongozo huu umelipiwa na wauza mabomba. Kuna mahali wajenzi wana haki yao. Nyumba ya shamba inayotumia kisima mara nyingi haina msukumo wa maji wa kutosha, hivyo itadai tangi na pampu, na tangi hilo libebe maji ya dakika kama kumi. Gharama hapo si ile ya mjini. Tena kuna baridi. Bomba lililopitishwa ovyo karibu na paa huganda Januari, likapasuka, na zulia lako litaujua uchungu ambao moto haukuwahi kulipa. Zamani walikuwa wakitia dawa ya kuzuia kuganda ndani ya mabomba. Mwaka 2009, huko California, dawa hiyo ilipomwagika juu ya moto wa jikoni iliulipua badala ya kuuzima, na mtu akafa. Mwaka uliofuata chama cha taifa cha kinga ya moto kikatoa onyo, kanuni zikabadilishwa. Fundi makini wa leo anapitisha mabomba upande wa ndani wa sufi ya kuhifadhi joto, yakae pamoja na watu. Fundi asiye makini anajua pia, ila ana haraka. Kama ungetaka sababu halali ya kuogopa, nimekupa hizo mbili, na zote zina dawa.

Sema nyumba mpya haziungui

Hoja hii ni tamu kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Nyumba mpya ina nyaya mpya na ving'ora vya moshi kila chumba cha kulala, tena vimeunganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia. Usimalizie nusu ya pili.

Wahenga waliosema moto huzaa majivu hawakukutana na sofa la sponji. Mwaka 2009 maabara ya UL huku Marekani ilipanga sebule mbili kando kwa kando. Moja iliwekwa samani za zamani: mbao nzima, pamba, vitambaa vya asili. Nyingine iliwekwa za kisasa: sponji, nailoni, mbao za unga na gundi. Kila sofa likatiwa moto kwa mshumaa. Sebule ya zamani ilichukua dakika 29 na ushei mpaka chumba kizima kikalipuka ndimi za moto. Ya kisasa ilichukua chini ya dakika nne. Dakika tatu na sekunde arobaini, kwa wanaopenda ukamilifu. Ukitaka kuzihisi, bandika chai ya rangi na ungoje ichemke. Wengi wetu sufuria halitakuwa limeanza kuimba.

Kisha kuna sakafu unayokanyaga. Nyumba za zamani zilishikiliwa na mbao nzito za kupasuliwa msumenoni. Nyingi za siku hizi zinashikiliwa na mbao nyembamba zilizogundishwa, nyepesi, zilizonyooka, za bei nafuu, na mpaka moto unapozifikia hazina kasoro. Katika majaribio ya maabara hiyohiyo, sakafu ya mbao nzito iliyoachwa wazi kwa chini ilistahimili zaidi ya dakika 18 kabla ya kuanguka. Ya mbao za gundi ilianguka kwenye dakika ya sita. Mzimamoto aliyefundishwa na babu yake wa kazi kuhesabu dakika kumi na tano kwenye ghorofa, leo anahesabu akiwa tayari chini.

"Lakini tuna king'ora." Mnacho, na msikitoe betri. King'ora kinaamsha watu. Hebu tuwahesabu wa kuamshwa katika nyumba zetu. Baba, ametoka kwenye shifti mbili mfululizo za kulea wazee wa watu, amelala kama gogo. Mama mkwe mwenye goti bovu, amepewa chumba cha ghorofani kwa sababu ndicho chenye choo ndani. Mtoto wa miaka miwili, akisikia kelele anajificha chini ya kitanda. Mjomba aliyekuja kwa wiki mbili, huu mwezi wa saba, anavaa vidude vya muziki masikioni. Wote hao wamepewa dakika zilezile tatu, na ngazi moja.

Kila mwaka zaidi ya watu 2,000 hufia majumbani kwa moto huku Marekani, nyumba walizozichagua wenyewe na kupaka rangi wenyewe.

Kuhusu zulia

Hofu kuu, ukiikuna vizuri, ni zulia. Nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye watoto wanne, akieleza kwa uchungu jinsi maji yatakavyoharibu zulia lake siku nyumba ikishika moto. Alisema "siku nyumba ikishika moto" kama mtu anavyosema "siku ya Jumanne," kisha akatulia kwa huzuni kwenye neno zulia.

Kwa faida yake, naleta hesabu za Scottsdale, Arizona. Mji huo ulipitisha sheria yake mwaka 1985, na ulipotimiza miaka 15 ukakaa kuhesabu. Moto ulioshughulikiwa na vinyunyizio ulimwagiwa wastani wa galoni 341. Ulioshughulikiwa na mipira ya zimamoto, galoni 2,935. Kwa ndoo zetu za lita ishirini hiyo ni kama ndoo 65 kwa ndoo 555. Hasara ya wastani ilikuwa dola 2,166 upande mmoja na dola 45,019 upande wa pili. Kwani wewe ulidhani gari la zimamoto linakuja na taulo? Maji yatamwagika vyovyote. Linalobaki kujadiliwa ni kama yamwagike machache dakika ya pili, au mengi baada ya zulia kuwa halipo.

Na hapa kwetu, kaunti ya Prince George's, ambako sheria ilianza 1992, walitazama miaka 15 ya kwanza. Katika nyumba zisizo na vinyunyizio walikufa watu 101. Katika zenye vinyunyizio hakufa mtu. Mpinzani mwerevu atakuambia kwamba nyumba zenye vinyunyizio zilikuwa chache na mpya, na hapo hajakosea, mwache aseme. Kisha mwulize anaitaka sifuri iwe kubwa kiasi gani.

Ukishindwa, ishi nacho kwa dharau

Tuseme foleni ya daraja imekushinda, umenunua Maryland, na visahani viko kila chumba, isipokuwa vyoo vidogo na makabati madogo ambayo kanuni imeyasamehe. Usikate tamaa. Mwenye nyumba mwenye bidii anaweza kurudisha hali ya Virginia bila kuhama.

Anza na rangi. Fundi wa kupaka dari apite juu ya visahani vyote kwa mkono mmoja, viungane na dari kama vidonda vilivyopona. Kisahani kimeshikiliwa na risasi laini inayoyeyuka kwa joto ili kianguke na kupisha. Rangi itakishika vizuri, kitaendelea kupendeza hata moto ukiwa chini yake.

Kama vyako ni vile vya kutokeza nje, vitumie kutundikia. Kanzu ya Idi iliyopigwa pasi inakaa vizuri hapo, na gauni la harusi pia, mpaka kichupa kivunjike na maji yamiminike, hapo utapata ushahidi wa maisha yako yote kwamba vinyunyizio ni vibaya. Hiki, kwa kweli, ndicho chanzo cha hadithi nyingi za "vilifunguka vyenyewe." Vyenyewe na kanzu.

Halafu kuna mizigo. Kila nyumba yetu ina chumba kimoja cha kutunzia vya kutuma nyumbani: mapipa ya bluu, maboksi ya viatu, televisheni ya binamu, matairi. Yapange mpaka yaguse dari. Maji yakitoka yatalowesha boksi la juu kwa ukarimu, na moto utaendelea na shughuli zake huko chini kwa faragha.

Mwisho, koki. Mahali fulani karibu na mita ya maji kuna koki ya mfumo huu. Ifunge siku ya kwanza kwa ajili ya usalama wa zulia, usimwambie mtu, na uendelee kulipa mkopo. Nilikodi nyumba ya namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, nikalala miezi kumi na minne chini ya mabomba makavu, nikiwaeleza wageni kwa majivuno jinsi Marekani walivyoendelea. Aliyeigundua ni fundi aliyekuja kutazama kitu kingine kabisa. Alinitazama kama mama alivyotazama dari.

Mama alirudi Tanga salama. Hupiga simu Ijumaa baada ya swala, anauliza watoto, anauliza kazi, kisha anauliza kijidude hakijambo. Namjibu hakijambo, na koki nimeishika kwa mkono wangu mwezi huu. Anasema alhamdulillahi, na kwamba jirani yake anajenga, amemwambia aweke kimoja sebuleni, jirani amecheka.

Kama wewe bado unachagua, basi unapokwenda tena kwenye nyumba ya maonyesho mwambie wakala aanze na koki, granaiti baadaye. Na kama umeamua kujenga Virginia, hujafungiwa: sheria ya huko haikulazimishi, lakini haikukatazi kuomba vinyunyizio na kuvilipia. Omba mapema, wakati mbao bado zinaonekana. Mafundi wa jipsamu wakishafika, dari inafungwa kwa siku mbili.